Baiskeli ya Mvunguni

Baiskeli ile niliinunua mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, katika ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Sumbawanga yakajaa vitu ambavyo sisi tulikua bila kuviona. Nikiwa mtoto, mama yangu alipanga foleni nusu siku kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Sasa sabuni ilipangwa hadi karibu na dari, na wafanyabiashara waliotoka Tunduma walishusha sokoni marobota ya mitumba, redio, masufuria, na viatu vilivyochanganyika hivi kwamba ukipata cha kulia unaanza kumtafuta mwenzake. Watu walikwenda sokoni kuangalia tu, wakarudi nyumbani kusimulia.

Ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya kibanda kimoja, imekunjwa, na mimi nilidhani ni kipande cha mashine ya kusaga. Mwenye kibanda aliishusha, akafungua komeo lililokuwa katikati ya chuma, akainyoosha, akainua usukani, akavuta kiti juu, na mbele yangu ikasimama baiskeli ya kijani yenye magurudumu madogo. Alisema imetoka Japani, huko wenyewe wanaikunja na kupanda nayo treni. Kilichonivutia mimi si treni. Ni kwamba chuma cha katikati kilikuwa chini kabisa, karibu na pedali, kwa hiyo mwanamke aliweza kuipanda na sketi yake bila kurusha mguu hewani mbele za watu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la tatu, na sikuwahi kumiliki chochote kilichowafanya watu wageuke kunitazama.

Baba yangu ni mkulima wa upande wa Matai. Nilipopangiwa kazi alinipa magunia matatu ya mahindi na moja la ulezi, akaniambia niuze ninunue kitanda cha mbao na godoro, nianze maisha kama mtu mzima. Niliyauza yote nikanunua baiskeli. Kwenye barua nilimwandikia kwamba kitanda ni kizuri sana. Niliendelea kulala kwenye kitanda cha kamba alichoniazima mama mwenye nyumba, mjane mmoja aliyenipangisha chumba katika kijiji changu cha kazi, ng'ambo ya Kasense.

Sitaisema vibaya baiskeli ile bila kuisifu kwanza, maana ilinitumikia. Wenzangu wenye baiskeli kubwa nyeusi walizifungia nje kwa minyororo na bado ziliibwa. Yangu niliikunja jioni ikaingia mvunguni mwa kitanda, na wezi wangelazimika kuniamsha mimi kwanza. Likizo nilipokwenda kwa wazazi niliikunja nikaiweka kwenye lori katikati ya miguu yangu, utingo akidhani ni mzigo wa kawaida. Nikishuka Matai naifungua, naendesha hadi nyumbani, na wanawake waliokuwa wakipalilia wanasimama na majembe yao kunitazama. Baba aliizunguka mara mbili. Kisha akauliza inabeba magunia mangapi.

Haikubeba hata moja. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kubwa pale Ufipa, ambapo baiskeli ni punda. Keria yake ilikuwa fupi kama kiti cha mtoto. Kwenye mchanga magurudumu yalizama, kwenye tope yalijaa udongo hadi yakakataa kuzunguka, na kwenye vilima vyetu vya nyasi, upepo ukivuma kutoka mbele, ilibidi nizungushe miguu kama cherehani ili nisonge hatua ya mtu anayetembea. Tyubu za ukubwa ule hazikupatikana Sumbawanga. Fundi wangu wa sokoni alizibandika viraka juu ya viraka, na kila mara aliniambia ningenunua kitu cha watu wazima.

Lakini tatizo lililonikera zaidi ni watu kuiazima. Kijiji kilikuwa na baiskeli chache, na yangu ilionekana kama ya kuchezea, kwa hiyo hakuna aliyeona haya kuiomba. Mwalimu mwenzangu aliichukua kwenda msibani, akambeba mke wake kwenye keria, na akanirudishia ikiwa imelegea pale katikati inapokunjwa. Pini ilikuwa imepinda. Fundi alikaa siku mbili akichonga nyingine kutoka chuma chakavu. Mwalimu yule alisema tu, "Kifaa chako hakina nguvu," akaenda zake.

Baada ya hapo nikajifunza ujanja. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama uwanja wa shule. Nikimwona mtu anakuja na ile sura ya mtu anayekuja kuomba, nafungua komeo la baiskeli, naikunja, naisukuma mvunguni, nashusha khanga ya kitandani hadi chini, na akibisha hodi namwambia iko kwa fundi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Mwenye baiskeli kubwa hawezi kufanya hivyo. Baiskeli yake inasimama ukutani na kila mtu anaiona, akitaka kuwanyima watu inambidi aseme kwa mdomo wake kwamba anawanyima. Mimi sikuhitaji kumnyima mtu. Nilisikitika pamoja nao kwamba fundi anachelewesha. Nilijiona nina akili.

Mama mwenye nyumba alijua. Ukuta kati ya chumba changu na jiko lake ulikuwa wa udongo, na komeo lile lilipojifunga lilitoa sauti kama mtu anavunja kuni. Hakuwahi kunisema. Siku moja tu, nilipotoka nje baada ya kumdanganya karani wa ghala, aliniuliza kama fundi huyo anaishi humo humo ndani. Nilicheka, yeye akaendelea kupepeta ulezi.

Mwaka huo huo ilihamia bondeni, chini ya shule, familia ya Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao. Kijiji hakikuwapokea vizuri. Ng'ombe walikanyaga matuta, wakanywa maji ya kisima cha chini, na kwenye kila mkutano wa kijiji kuliibuka malalamiko juu yao. Mimi nilimfahamu mama wa familia ile alipokuja kuandikisha bintiye shule. Alikuwa rika langu kabisa, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya chini, na tayari ana watoto wawili. Hakujua kuandika. Aliposikia kwamba mimi ndiye nitakayemfundisha binti yake aliniuliza kama ninaweza pia kumwandikia barua za kwao, kwa mama yake mzazi, nikasema naweza.

Kuanzia wiki ile nililetewa kibuyu cha maziwa kila Jumapili. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye mkeka wangu, tukazungumza. Aliniuliza kwa nini sijaolewa, nikamuuliza kama haogopi kuhamahama. Hakuwa na ndugu hapa hata mmoja, na mimi niliyekuwa na ndugu mwendo wa nusu siku nilikuwa mpweke vilevile, kwa kuwa mwalimu wa kike kijijini kila mtu anamheshimu na hakuna anayemtembelea. Nathubutu kusema alikuwa rafiki yangu. Alipopata mimba ya tatu aliniambia mimi kabla tumbo halijaonekana.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi, katikati ya masika. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika. Nilikwenda Kasense asubuhi kununua mafuta ya taa, njia ikiwa tupu kwa sababu ya tope, nikarudi nimechafuka hadi magotini, nikaiingiza baiskeli chumbani na kuanza kuifuta tope kwa kitambaa. Nilikuwa nimekasirika, maana tope lilikuwa limeingia kwenye mnyororo.

Nikatazama dirishani nikamwona mume wa rafiki yangu anakatiza uwanja wa shule. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, ambaye nilishasalimiana naye mara nyingi lakini hatukuwahi kuzungumza. Alikuja kwa haraka, shuka begani, fimbo mkononi, akiangalia moja kwa moja mlango wangu. Sikufikiri. Ningependa kusema kwamba nilifikiri kidogo, nikapima, nikakosea. Lakini mikono yangu ilikuwa imezoea. Nilifungua komeo, nikakunja, nikasukuma, nikashusha khanga, na nilipokuwa nanyoosha mgongo yeye alikuwa anabisha hodi.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akahema kidogo, akasema amekuja kuomba baiskeli.

"Iko kwa fundi, mjini," nikasema. "Tangu Jumatano."

Hiyo Jumatano hakuniuliza. Niliiongeza mwenyewe ili uongo ukae vizuri.

Aliinamisha kichwa akatazama chini, pale mlangoni, kwa muda ulionifanya nione aibu kwa niaba yake. Nilidhani anatafuta namna ya kuondoka kwa heshima. Kisha akasema, "Mama watoto ameshikwa na uchungu tangu jana mchana. Mtoto hatoki. Nilitaka nikaite gari misheni."

Misheni ndiko kulikokuwa na kituo cha afya, na gari moja. Kwa mguu ni zaidi ya saa mbili kwa mtu mwenye nguvu.

Nimekaa na dakika ile maisha yangu yote. Kitu cha kufanya kilikuwa chepesi. Ningesema, "Subiri," nikainama, nikaivuta. Hakuna maneno ambayo yangehitajika zaidi ya hayo. Lakini uongo ulikuwa umeshatoka, ukiwa na ile Jumatano ndani yake, na mimi nilikuwa mwalimu, na yeye alikuwa mtu ambaye mkutano wa kijiji ulimjadili kama vile hayupo. Niliona picha yangu nimepiga magoti nikiivuta baiskeli mbele yake, na picha hiyo ikanishinda. Nilimpa pole. Nikamshauri ajaribu kwa katibu wa kijiji, huku nikijua kwamba katibu alikwenda mjini alfajiri na baiskeli yake, kwa sababu nilimwona kupitia dirisha langu akiondoka.

"Asante, mwalimu," akasema. Alipofika katikati ya uwanja alianza kukimbia.

Nilikaa kitandani. Kamba zilipobonyea kwa uzito wangu niligusa kwa kisigino kitu cha baridi, nikavuta miguu juu. Nilijiambia atapata baiskeli nyingine. Nilijiambia kwamba ile yangu pini yake si ya kuaminika, ingemwangusha njiani. Nilijiambia pia kwamba wanawake wengi huchukua siku mbili na wanajifungua salama, jambo ambalo nililisikia mahali fulani na sikuwa na sababu ya kuliamini.

Jikoni mama mwenye nyumba aliacha kupukuchua mahindi. Nilimsikia ananawa. Akaja mlangoni kwangu, amejifunga khanga mbili, akasimama bila kuingia. Macho yake yalipita kwangu, yakashuka kitandani, yakarudi.

"Mimi naenda kwa mwenzetu," akasema. "Unakuja, au unakaa?"

Nilikwenda. Sikuthubutu kwenda na baiskeli, wala kumwambia kwamba nimebadili mawazo. Nilitembea nyuma yake kwenye tope kama mtoto aliyechapwa.

Tulipofika tulikuta wanaume watano wa kijiji wameshatangulia, mmoja wao akiwa ndiye aliyelalamika zaidi juu ya ng'ombe. Walikuwa wanafunga mablanketi kwenye miti miwili kutengeneza machela. Mume hakuwapo, alikuwa ameanza safari ya misheni kwa miguu. Rafiki yangu alikuwa amelala kwenye ngozi, midomo imekauka. Aliponiona alinyoosha mkono. Niliushika. Aliuliza kama mume wake amepata baiskeli. Mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu, akamwambia amepata usafiri, atulie.

Walimbeba wakipokezana. Sisi wanawake tulifuata na maji na nguo. Gari la misheni tulikutana nalo zaidi ya nusu ya njia, limekwama kwenye kijito, na mume yuko ndani ya maji hadi mapajani akilisukuma pamoja na dereva. Alikuwa amekimbia njia yote. Miguu yake ilikuwa inatoka damu na nadhani hakuwa na habari.

Mtoto alizaliwa jioni ile, mvulana, hakulia. Mama yake alipona, ingawa alikaa kituoni karibu wiki mbili. Mkunga alituambia kwamba mtoto alikuwa amechoka sana. Hakusema ingekuwaje kama wangefika mapema, na mimi, niliyekuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua, sikuuliza.

Nikarudi kijijini nikakutana na shida ambayo hata kuisimulia kunanitia haya. Baiskeli ilikuwa kwa fundi. Kijiji kizima sasa kilijua hivyo, maana watu walisimuliana jinsi yule baba alivyohangaika: katibu hayupo, mwalimu wa kiume amesafiri, na ya mwalimu wa kike imeharibika. Watu walinipa pole mimi. Nisingeweza kuitoa chumbani na kuiendesha bila watu kuuliza imerudi lini na imerudi vipi. Kwa siku tisa nilikwenda kila mahali kwa miguu, na usiku nikalala juu yake.

Siku ya kumi, Jumatatu ya mapumziko, niliitia kwenye gunia, nikafunga mdomo kwa kamba, nikajitwisha kichwani mapema kabla watu hawajatoka kwenda mashambani. Waliokutana nami walidhani napeleka mahindi mashineni. Shingo iliniuma. Barabarani nilipata lifti ya trekta hadi mjini, nikashuka nyuma ya soko, nikaifungua kwenye uchochoro ambako hakuna anayenijua. Kisha nikairudisha kijijini nikiiendesha mchana kweupe, nikipiga kengele kwa kila niliyempita, ili ionekane.

Karibu na shule nilikutana naye, mume wa rafiki yangu, akichunga. Alisimama pembeni ya njia kunipisha. Nilishuka, nikamwamkia, nikauliza hali ya mgonjwa. Alisema anaendelea vizuri, atatoka karibuni. Akaitazama baiskeli, magurudumu yake hasa, akasema, "Imepona."

Nikasema ndiyo, imepona. Akatikisa kichwa kukubali, akawageukia ng'ombe wake.

Jumapili iliyofuata nililetewa maziwa kama kawaida. Aliyaleta binti yao. Niliyanywa. Sijui kama nilipaswa kuyakataa. Kuyakataa kungekuwa kusema jambo, na mimi sikuwa tayari kusema chochote. Jumapili ya baada ya hapo vilevile. Nilianza kuamini kwamba jambo lile limepita, na kwamba kama yule mama anaendelea kunikumbuka kwa maziwa, basi mbele yake sina kosa.

Alikuja mwenyewe alipopata nguvu. Alikuwa amekonda, na amefunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi. Alikaa mkekani, akapumzika, akasema anataka nimwandikie mama yake barua. Nilitoa daftari na kalamu. Nilifurahi kupata kazi ya mikono.

Alianza na salamu, moja moja, kwa mama, kwa shangazi, kwa kaka, kwa wake wa kaka. Akasema mvua ni nzuri na ng'ombe wana afya. Kisha akaanza kusema polepole, akiningojea nimalize kila neno. Alisema mtoto alikuja, wa kiume, hakuishi. Alisema wamemzika kwa heshima, majirani walisaidia kuchimba. Alisema, "Andika kwamba tulichelewa kufika hospitali kwa sababu hatukupata usafiri."

Niliandika hadi "kwa sababu". Kalamu haikuendelea.

Sikupanga kukiri. Nilisikia tu mdomo wangu unasema kwamba baiskeli ilikuwepo, siku ile, chumbani, chini ya kitanda hiki, na kwamba mume wake alipokuja niliificha. Nilimwambia sikujua anataka kwenda wapi nilipoificha, na kwamba nilipojua sikuitoa. Sikuweza kumtazama. Nilizungumza na daftari.

"Najua," akasema. "Mume wangu aliona."

Niliinua kichwa.

"Mvua ilikuwa imenyesha," akasema. "Alama za magurudumu yako ziliingia mlangoni, hazikutoka. Yule mtu anatafuta ng'ombe waliopotea kwa kufuata nyayo. Baiskeli yenye alama kama zile ni moja tu hapa."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Angesema nini? Uko mlangoni kwako, umeshasema haipo. Asimame abishane na wewe, na mimi nakufa nyumbani?"

Nilikumbuka jinsi mume wake alivyoinamisha kichwa, nami nikidhani ni unyenyekevu. Alikuwa anasoma. Alisoma uongo wangu ulioandikwa kwenye tope mbele ya miguu yake, akaamua kwamba hana muda nao, akakimbia.

Nikamuuliza na jambo la pili, ambalo labda nisingeuliza. Nilimuuliza kuhusu maziwa, kwa nini hawakuyaacha. Nadhani nilitaka aniambie kwamba wamenisamehe. Alinitazama, si kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayepima kama mwenzake ataelewa.

"Sisi ni wageni hapa, mwalimu," akasema. "Binti yetu yuko kwenye darasa lako. Tukigombana na wewe tutakwenda wapi?"

Hivyo ndivyo maziwa yale yalivyokuwa. Wiki zote zile nilikuwa nayanywa kama urafiki, na wao walikuwa wanayaleta kama mtu anayelipa ili aachwe akae. Ningeweza kustahimili kuchukiwa. Kuogopwa na mtu niliyemdhulumu, nikaletewa zawadi kwa sababu ya woga huo, hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Nililia. Hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Alingoja nimalize, akagusa daftari kwa kidole. "Andika tu, hatukupata usafiri. Mama yangu hahitaji kujua mengine, atapata taabu bure."

Niliandika. Maneno mawili. Nilimsomea barua yote kutoka mwanzo, kama alivyopenda, na maneno yale niliyasoma mara mbili. Akasema ni sawa. Akaitia barua kwenye pindo la khanga, akaondoka.

Nilimwambia binti yake siku iliyofuata kwamba maziwa yatoshe, wanywe wenyewe, na kwamba akija shule bila maziwa au na maziwa mimi ni mwalimu wake vilevile. Hakuelewa, alisema ndiyo mwalimu. Maziwa yaliendelea wiki mbili zaidi, kisha yakakoma, na sikujua kama kukoma kule ni kuamini neno langu au ni nini. Rafiki yangu hakuja tena kukaa mkekani. Tukikutana kisimani tulisalimiana vizuri.

Sikuificha tena baiskeli. Niliiegesha nje ya mlango, nikawaazima wote walioiomba, na ndani ya mwaka mmoja waliimaliza kabisa. Siwezi kujisifu kwa hilo. Kumwazima mtu baiskeli aende kusaga si kitu cha kuweka kwenye mizani na kile kingine. Mama mwenye nyumba aliona inavyoharibika, na siku pini ilipokatika mara ya tatu alinisaidia kuibeba. Ndiyo mara pekee alipozungumzia jambo lile. Alisema yeye pia siku ile alikaa jikoni na kunyamaza, wakati angeweza kutoka nje akamwambia yule baba iko ndani. Alisema alingoja niseme mwenyewe. Akasema hajui kwa nini alingoja.

Familia ile ilihama kiangazi cha mwaka uliofuata. Kijiji kilikuwa kimewapa muda waondoe ng'ombe, wakateremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Mimi nilikuwa mjini kwenye usahihishaji wa mitihani, na niliporudi nilikuta zizi tupu na miiba yake. Kwenye mkutano ulioamua jambo lile nilikuwapo. Nilinyanyua mkono kuwatetea, nikasema maneno machache kuhusu wanaume wetu waliobeba machela, kwamba siku ile tulikuwa majirani, nikakaa chini. Nilitaka kusema zaidi, lakini kusema zaidi kungenipeleka kwenye baiskeli.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu niliyempata baadaye Namanyere. Kabla baiskeli haijafa kabisa, masika ilipofika tena, nilingoja asubuhi iliyonyesha kama ile. Nikatoka mlangoni kwangu nikaendesha kwenda misheni, nikiwa na saa mkononi, ili nione ingemchukua yule baba muda gani. Njia yote ilikuwa tope. Magurudumu yalijaa, nikashuka, nikayachokoa kwa kijiti, nikapanda, yakajaa tena. Sehemu kubwa nilisukuma. Nilipofika kwenye geti la kituo nilitazama saa, na ilikuwa karibu muda ule ule wa mtu anayetembea. Mtu anayekimbia, kama alivyokimbia yule baba, angenipita mbali.

Nilisimama pale getini, nimelowa, na nikafurahi. Nilifurahi kabisa, mwili wote, kama mtu aliyepata majibu mazuri hospitalini. Nikaanza kuhesabu jinsi nitakavyojieleza: haikuwa na faida, hata kama ningempa. Mlinzi aliniuliza kama nimeleta mgonjwa. Nikasema hapana. Akauliza kama mimi ndiye mgonjwa, maana alisema uso wangu haukai sawa, nikasema hapana tena, nikageuza baiskeli na kuanza kuisukuma kurudi nyumbani.